Kubatiza mtoto katika PCEA: mwongozo wa mzee wa kanisa, kuanzia simu ya kwanza hadi kadi

Simu hupigwa Alhamisi jioni. "Mzee, habari za jioni. Tulikuwa tunataka mtoto abatizwe Jumapili hii. Wageni tumeshaalika, hata keki imeshaagizwa." Nami humwuliza mpigaji swali moja tu: hiyo keki inaweza kukaa kwenye friji mwezi mzima? Hucheka, halafu hunyamaza, na hapo ndipo mazungumzo yetu huanza.

Mimi ni mzee wa kanisa katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA), upande wa Kiambu ambako ukungu wa Julai hauondoki hadi saa tano. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wazazi nikiwa sebuleni kwao. Parishi hazifanani kwa kila kitu. Mzee wako akikuambia tofauti na mimi kuhusu fomu au tarehe, mfuate yeye. Kuhusu maana ya ubatizo wenyewe, sidhani kama tutapingana.

Kwanza, mjue mnaomba nini

Wazazi wengi huja wakidhani wanakwenda kumpa Mungu kitu: kumtoa mtoto, kumkabidhi, kumweka wakfu. Yapo makanisa yanayofanya hivyo, kisha yakangoja mtoto akue ndipo yambatize, na sina ugomvi nayo. Sisi twaanzia upande wa pili. Kwetu anayesema kwanza ni Mungu. Anamwahidi mtoto kabla mtoto hajajua kutamka hata "mama", na sisi wazazi tunajibu baadaye, kisha mtoto naye atajibu akikomaa. Kwa hiyo mtoto akilala fofofo ibada nzima, hakuna kilichoharibika. Tena mimi huwapenda hao wanaolala.

Neno lenyewe ni agano. Katika Mwanzo 17 Mungu alifanya agano na Ibrahimu na uzao wake, na alama yake ilikuwa tohara, aliyotahiriwa mtoto wa siku nane. Mtoto wa siku nane haulizwi kama ameamini. Paulo, katika Wakolosai 2:11-12, anaiweka tohara na ubatizo pamoja katika sentensi moja. Naye Petro, siku ya Pentekoste, alipowaita watu watubu na kubatizwa, aliendelea: "Kwa kuwa ahadi hii ni kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu, na kwa watu wote walio mbali." Wasikilizaji wake walikuwa Wayahudi waliozoea watoto kuhesabiwa ndani ya agano. Kama Petro alikuwa akiwatoa watoto nje, hapo ndipo mahali pa kusema, naye hakusema.

Jirani yako wa kanisa lingine atakuuliza: ni wapi Biblia inaposema mtoto mchanga alibatizwa? Mjibu kwa haki. Biblia inasema Lidia alibatizwa pamoja na nyumba yake, na mlinzi wa gereza kule Filipi yeye na wote waliokuwa wake, usiku ule ule. Haisemi kwamba nyumbani mle mlikuwa na mtoto wa kunyonya. Anayekuambia imesema anaongeza chumvi. Hoja yetu haisimami juu ya umri wa watoto wa Lidia; inasimama juu ya agano, na juu ya hiyo nyumba kuhesabiwa kama nyumba.

Kuna na woga ambao huwa napenda kuuondoa mapema, hasa kama nyanya yupo chumbani. Mtoto akiugua, nyanya husema abatizwe upesi asije akapotea. Ungamo la Imani la Westminster, lililoandikwa London miaka ya 1640 na ambalo makanisa ya Kipresbiteri yamelirithi kupitia Uskoti, linazungumzia ubatizo katika sura ya 28. Linasema kuudharau ubatizo ni dhambi kubwa. Kisha, papo hapo, linasema wokovu haukufungwa kwenye ubatizo hata isiwezekane mtu kuokoka bila huo. Mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa hakupotea kwa sababu ya kalenda ya parishi. Na linasema jambo jingine ambalo wazazi wa vijana walioasi hulipenda: nguvu ya ubatizo haikufungwa kwenye dakika ile maji yanapomiminwa. Unaweza kubatizwa ukiwa na miezi mitatu, na tunda likaonekana ukiwa na miaka 40.

Hatua ya kwanza: mjiangalie nyinyi, si mtoto

Mtoto hana sharti. Masharti ni ya wazazi. Angalau mmoja wenu awe mshirika kamili, maana yake amebatizwa, amethibitishwa (yaani ameikiri imani kwa kinywa chake mbele ya kanisa), anashiriki Meza ya Bwana, na hayuko chini ya nidhamu ya kanisa. Ungamo linasema watoto wa mzazi mmoja au wote wawili wanaoamini wabatizwe. Kwa hiyo baba akiwa Mkatoliki, au akiwa hasali popote, mama mshirika anatosha. Mwenzako asilazimishwe kutamka ahadi asizoziamini. Aketi na familia mbele, ampige picha mtoto, apokewe vizuri.

Penye tatizo zaidi ni kwa akina mama waliozaa kabla ya ndoa, na kwa wale ambao wameishi pamoja miaka saba bila harusi. Desturi yetu ya tangu zamani ni kwamba mzazi aliyewekwa kando, yaani aliye chini ya nidhamu, arudi kundini kwanza, ndipo mtoto abatizwe. Kwa wanandoa mara nyingi wataulizwa lini wanabariki ndoa yao. Nasema wazi: naielewa desturi hii, kwa sababu mtu hawezi kuahidi mbele ya kanisa atakalomfundisha mtoto huku yeye mwenyewe amelipa kanisa kisogo. Lakini nimeona pia msichana wa miaka 20 akiogopa kikao cha wazee kuliko alivyoogopa uchungu wa kuzaa, akakaa nyumbani miaka minne, na mtoto akakua nje. Hilo ni kosa letu sisi wazee, si lake. Kama wewe ndiye huyo msichana, usije kanisani peke yako ukaketi nyuma ukingoja kuitwa. Mpigie mzee wako, au mama yeyote wa Gildi, ushirika wa akina mama wa kanisa, unayemwamini, mwambie akusindikize. Kurudi kundini ni mazungumzo, ni sala, na mara nyingi ni Jumapili moja tu.

Nyanya anayelea mjukuu naye huuliza kama anaweza kumleta. Mlezi halali aliye mshirika huwa anakubaliwa, ila kikao ndicho kitakachosema. Nenda na karatasi zozote zinazoonyesha kwamba wewe ndiye unayemlea.

Hatua ya pili: mzee wa wilaya, halafu kikao

Wilaya ninayoitaja si ile ya serikali. Ni zile nyumba chache zinazokutana kwa sala katikati ya wiki, leo kwa Mama Wambui, wiki ijayo kwenu, na zina mzee wake. Anzia hapo. Usimwendee mchungaji moja kwa moja. Si kwamba atakufukuza, ila atakurudisha kwa mzee, na utakuwa umepoteza Jumapili nzima.

Mzee atakuja kwenu. Atauliza mnasali pamoja nyumbani au la, mtoto anaitwa nani, nani atamlea wakati nyinyi mko kazini, na mtaitunzaje ahadi. Si mtihani, lakini msijibu kama mnaojibu karani. Kisha atapeleka jina kwenye kikao cha wazee, na kikao ndicho kinachokubali mtoto abatizwe. Kwetu sakramenti si mali ya mchungaji wala ya familia.

Hapa ndipo keki ya Jumapili hii inapokwama. Kikao hakikutani kila siku. Tena ni mchungaji aliyewekewa mikono tu anayebatiza. Mzee hawezi, mwinjilisti hawezi, hata shemasi wa miaka 30 hawezi. Parishi moja huwa na makanisa kadhaa, na mchungaji mmoja au wawili wanaozunguka kwa zamu. Kwa hiyo tarehe hupangwa, na watoto hubatizwa kwa makundi. Anza miezi miwili au mitatu mapema na hutanung'unika.

Mtoto akiwa mahututi hospitalini, piga simu wakati wowote. Mchungaji ataenda, na kwa kawaida ataenda na mzee ili kanisa liwe limewakilishwa hata kando ya kitanda. Akichelewa, sali na mtoto wako, ukikumbuka ile sura ya 28.

Hatua ya tatu: darasa la wazazi

Kwingine ni Jumamosi moja, kwingine ni vipindi vichache baada ya ibada. Njooni wote wawili. Baba wengi hufikiri ni la akina mama, kisha Jumapili husimama mbele wakiulizwa maswali na kumtazama mke midomo.

Mtafundishwa maana niliyoieleza hapo juu, na mtapitishwa kwenye ahadi zenyewe neno kwa neno. Zisomeni nyumbani. Kwa ufupi mtaulizwa kama mnamwamini Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kama mnaahidi kumlea mtoto katika imani kwa mafundisho na kwa mfano wenu. Na kama mtamwombea na kumwombesha. Neno gumu hapo ni "mfano". Kila mara darasani huwa kuna kimya kidogo tukifika hapo.

Wasimamizi wa ubatizo? Kanisa letu haliwahitaji. Wanaoapa ni wazazi, na wanaosaidia ni ushirika wote. Kama mnataka rafiki asimame nanyi, mwulizeni mchungaji, ila asichukue nafasi ya baba.

Hatua ya nne: jina, na karatasi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Mtoto hapewi jina kwa ubatizo. Analo tayari. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume ameshaitwa baba wa baba yake, na wa kwanza wa kike mama wa baba yake, kabla mzee hajafika na daftari lake. Mchungaji hulitaja jina hilo kwa sababu Mungu humwita mtu kwa jina, basi. Jina kubwa linalotamkwa siku ile ni la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Lakini tangu siku za wamisionari tumebaki na kitu kinachoitwa "jina la ubatizo", na wengi walilielewa kuwa lazima liwe la Kizungu. Mwaka 1970 mwandishi James Ngugi alihutubia Mkutano Mkuu wa PCEA jijini Nairobi, na akaanza kwa kusema yeye si mtu wa kanisa, wala hata si Mkristo. Mzee mmoja akainuka kwa hasira na bakora yake, akamwuliza mbona basi anaitwa James. Swali lile lilimkaa. Baadaye alilitupa jina hilo, na ulimwengu ukamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Mimi nikisikia kisa hicho huwa namwonea huruma mzee kuliko mwandishi, kwa kuwa bila kujua alikuwa amekiri kwamba kwake Ukristo ulikuwa ndani ya jina James.

Basi mkipenda Yohana au Esta, vizuri, ni majina mazuri na yana watu nyuma yake. Mkitaka Wanjiru abatizwe Wanjiru, hakuna kifungu cha imani kinachowazuia. Mzee akikunja uso, mwulizeni kwa upole aoneshe andiko.

Sasa karatasi. Andikeni majina kwenye fomu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kama cheti hakijatoka, tumieni karatasi ya taarifa ya kuzaliwa mliyopewa hospitalini, au kijitabu cha kliniki. Kadi ya ubatizo hapa Kenya si pambo. Itaulizwa kijana akitaka kuthibitishwa, itaulizwa kwenye harusi, na mtu aliyechelewa kuandikishwa kuzaliwa huweza kuipeleka serikalini kama mojawapo ya ushahidi. Binti yangu wa pili aliandikwa na tarehe isiyo yake. Aliyeandika alinakili ya mtoto aliyemtangulia kwenye orodha. Mimi, mtu wa kushika madaftari ya watu, niliitia kadi kwenye bahasha bila kuisoma. Tuligundua miaka 17 baadaye, tukiwa na haraka. Someni kadi papo hapo, mkiwa bado kwenye baraza la kanisa, kabla ya kwenda kula.

Malipo: ubatizo hauuzwi. Familia nyingi hutoa sadaka ya shukrani siku ile, kwa kadiri ya moyo wao. Mtu akikutajia bei, mwulize ni ya nini.

Hatua ya tano: Jumapili yenyewe

Fikeni mapema kuliko kawaida. Mtoto anyonye kabla ya ibada, si wakati wa nyimbo za mwanzo, maana akishiba katikati ya mahubiri atacheua juu ya joho la mchungaji. Nimeyaona. Nguo iwe yoyote safi. Nyeupe inapendeza lakini haiamriwi. Jambo moja nawasihi: kofia zenye kamba za kufunga chini ya kidevu ziacheni nyumbani. Julai moja tulisimama kanisa zima, bakuli liko wazi, mchungaji ameshanyoosha mikono, na mama anapambana na fundo. Kadiri alivyovuta ndivyo lilivyokaza. Mwishowe mama yake mzazi alitoka kwenye kiti chake safu ya nne, akainama, akalikata kwa meno.

Ubatizo hufanyika ndani ya ibada ya watu wote, kwa kawaida baada ya Neno kuhubiriwa, kwa sababu sakramenti bila Neno ni maji tu. Mzee atasoma majina. Mtasogea mbele, baba, mama na mtoto. Mchungaji atasoma agizo la Kristo katika Mathayo 28:19, atauliza maswali yale ya darasani, nanyi mtajibu kwa sauti ya kusikika. Kisha atawageukia washirika wote, watasimama, naye atawauliza kama watawasaidia kumlea mtoto huyu. Nao pia huahidi. Ndiyo sababu hatubatizi kwenye sherehe ya faragha hotelini hata mkilipia usafiri wa mchungaji: nani angeahidi huko?

Pengine kanisa litakiri Imani ya Mitume, halafu sala juu ya maji. Hatuyafanyi maji kuwa dawa. Tunaomba Mungu ayatumie. Ni maji ya tangi, au ya mfereji. Kwetu wakati wa baridi mama mmoja wa Gildi huja na maji ya uvuguvugu ndani ya chupa ya chai, na ukisimama karibu na bakuli unasikia harufu ya majani ya chai kwa mbali. Hakuna aliyewahi kulalamika, wala mtoto wala mwanatheolojia.

Mchungaji humchukua mtoto mikononi mwake. Mpeni kichwa kikiwa upande wa mkono wake wa kushoto, ili wa kulia ubaki huru kuchota. Ataita majina, kwa kawaida yale ya mtoto mwenyewe bila la ukoo, na kusema: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji humiminwa au hunyunyizwa kichwani. Wengine hufanya mara tatu, wengine moja, msihesabu. Kuzamisha si lazima, Ungamo linasema hivyo wazi, na kiasi cha maji hakiongezi wala hakipunguzi kitu, kama vile kipande kidogo cha mkate kwenye Meza ya Bwana kisivyokuwa karamu ndogo. Hatupaki mafuta, hatuwashi mshumaa. Baada ya hapo ni baraka ya Haruni, "Bwana akubarikie, na kukulinda", na mara nyingi mchungaji humtembeza mtoto kwenye njia ya katikati ili watu wamwone. Mtoto akilia, aachwe alie.

Mpiga picha asisogee hadi kwenye bakuli. Na hakuna kurudia kwa ajili ya picha! Tuliwahi kuombwa. Mchungaji alimtazama yule kijana mwenye kamera kwa upole, akamwambia kilichofanyika kinafanyika mara moja.

Maji yanayobaki humwagwa kwenye maua nje. Wapo wanaoomba kubeba kidogo wakanyunyize nyumbani. Tunawakatalia, tena kwa upole, kwa sababu tukiwapa tutakuwa tumewafundisha kinyume cha yote tuliyofundisha darasani.

Baada ya hapo

Sherehe fanyeni mkiweza, na mkishindwa chai na mandazi ya Gildi yanatosha. Ahadi huanza Jumatatu. Sala fupi kabla ya kulala, hadithi moja ya Biblia, mtoto apelekwe shule ya Jumapili akianza kutembea vizuri. Kila mwaka, tarehe ile, mwambieni: siku kama ya leo ulibatizwa. Watoto hupenda kusikia habari zao wenyewe, nao huuliza, "Nililia?"

Akifika utineja ataingia darasa la katekisimo, na mwisho wake atasimama mwenyewe akiri kwa kinywa chake yale mliyoyasema kwa niaba yake. Hapo ndipo anapopokewa kuwa mshirika kamili. Msimlazimishe aende kwa sababu wenzake wa rika wanakwenda.

Kama anayebatizwa ni mtu mzima

Hujachelewa. Wapresbiteri wa kwanza wa nchi hii walikuwa watu wazima. Misheni ya Waskoti ilianza Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Thogoto mwaka 1898, na waliotaka kubatizwa walikaa darasani muda mrefu wakijifunza kusoma ili walisome Neno wenyewe. Ndiyo maana Wakikuyu waliwaita Wakristo *athomi*, wasomaji.

Utaingia darasa la wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwa miezi kadhaa: Amri Kumi, Sala ya Bwana, Imani ya Mitume, sakramenti mbili, na utaratibu wa kanisa. Kisha wazee watakuhoji. Usikariri tu. Swali ambalo huwashinda wengi si la katekisimo, ni lile la "Kwa nini unataka kubatizwa?" Na jibu la "kwa sababu naoa Desemba" tumelisikia mara nyingi. Halikufukuzi, ila utaambiwa uendelee kufikiri. Siku yenyewe utapiga magoti, utabatizwa na kuthibitishwa katika ibada ile ile. Kama una watoto wadogo, huweza kubatizwa pamoja nawe, kama nyumba ya yule mlinzi wa Filipi. Mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa wa kujibu maswali mwenyewe aende darasani.

Na kama ulishabatizwa kwingine

Hatubatizi mara mbili. "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja," Waefeso 4:5. Ukitoka kwa Waanglikana, Wamethodisti, Walutheri au Wakatoliki, ukiwa umebatizwa kwa maji na kwa jina la Utatu, unapokewa na ubatizo wako. Njoo na kadi na barua ya kuhama. Makanisa kukubaliana hivi kulikuwa na gharama. Mwaka 1913 misheni kadhaa za Kiprotestanti zilikutana pale Thogoto kutafuta ushirikiano, wakamaliza kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Waskoti, na Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Kesi ilizungumzwa hadi Uingereza.

Leo mjadala uko nyumbani. Kijana wetu anakwenda chuo kikuu, anaokoka kwenye mkutano, anaambiwa ule wa utotoni haukuwa ubatizo, na Jumamosi anazamishwa mtoni. Anarudi akiogopa kutuambia. Nikikutana naye humwuliza kilichomtokea kwanza, na nafurahi kwa wokovu wake kwa dhati. Kisha humwambia: kile ulichokipata chuoni, wazazi wako walikiombea siku ile ukiwa na miezi minne. Hukuhitaji maji mapya. Hatumfukuzi, wala hatumvui ushirika kwa pupa; anakaa na mzee wake wakalizungumze hadi liishe.

Wewe ambaye umepoteza kadi na unafunga ndoa mwezi ujao, usitafute kubatizwa upya ili upate karatasi. Nenda kwenye ofisi ya parishi uliyobatizwa na majina ya wazazi wako, mwaka, na jina la mchungaji wa wakati huo kama unalikumbuka. Daftari la ubatizo hutunzwa huko. Kama parishi imegawanywa tangu hapo, na nyingi zimegawanywa, daftari la zamani mara nyingi hubaki kwenye kanisa mama. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, si Jumapili.